Kuchora sura ya mtu aliyekaa mbele yako: mwongozo kwa anayeanza

Kila Jumamosi ninapofundisha kuchora hapa Kampala, maswali ni yale yale. "Mwalimu, mbona hafanani?" "Ngozi nyeusi naichanganya vipi?" "Kwani siwezi kutumia picha ya simu?" Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimeona ni bora niyaandike kwa mpangilio, ili mtu aliyeko Jinja, Arua au Mbarara, asiye na darasa karibu, aanze mwenyewe.

La simu kwanza. Wapo wachoraji wengi mjini wanaokula kwa kazi ya picha za simu, na siwalaumu. Lakini simu ikisogezwa karibu na uso huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hukigeuza kivuli kizima kuwa doa moja. Jicho lako huona ndani ya kivuli hicho: wekundu kidogo chini ya taya, ukingo wa sikio, mwanga unaoruka kutoka ukutani. Anza na mtu hai. Siku utakayolazimika kutumia simu utajua picha imeficha nini.

Jambo jingine la kujua mapema: vitabu vingi vya kuchora tunavyovipata viliandikwa Ulaya na Marekani, kwa dirisha la kule na ngozi ya kule. Mafundisho yao ya vipimo yashike. Ya mwanga na rangi itabidi uyageuze, na nitaonyesha wapi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi za A3, hata ishirini, maana utaharibu nyingi. Kwa mazoezi nenda Nasser Road, kwenye mitambo ya kuchapa, uulize vipande vinavyobaki baada ya kukata. Chagua karatasi isiyoteleza. Ile inayong'aa haishiki mkaa.

Mkaa wa kuchorea. Ukikosa wa dukani, tengeneza. Chukua vijiti vyembamba kama penseli, vya mti laini, vimenye maganda na uvikaushe. Vipange vibanane ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, toboa kifuniko tundu moja dogo kwa msumari, kisha weka kopo kwenye jiko la makaa, nje ya nyumba. Tundu hilo usilisahau, kwa sababu kopo lililozibwa kabisa linaweza kupasuka. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, epua, wala usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Ukifungua likiwa la moto hewa itaingia na vijiti vitakuwa majivu. Makaa ya kupikia hayafai: ni magumu na yanakwaruza karatasi.

Pamoja na hivyo, penseli ya 2B na ya 6B, raba laini, ubao wa hadibodi mkubwa kuliko karatasi yako, vibanio, tepu ya karatasi, viti viwili na kitambaa cha zamani. Rangi usinunue bado. Chora kwa mkaa walau sura kumi kwanza.

Halafu unahitaji mtu, na hapa ndipo wengi hukwama kwa aibu. Anza na wa nyumbani: mjomba, dada, jaja (babu au bibi) anayependa kukaa kibarazani. Ukimwomba mtu wa nje, kama kijana wa boda anayesubiri abiria stejini au mama muuza ndizi, mwendee kwa adabu. Msalimie, umwite ssebo (bwana) au nnyabo (bibi), mweleze ni muda gani, atakaa wapi, na utamlipa kiasi gani. Malipo yatajwe kabla hajakaa. Kukaa bila kujitikisa ni kazi, na anayekukalia anaacha shughuli zake. Mwulize pia kama anakubali picha yake ionyeshwe kwa watu au mtandaoni, akikataa, basi. Mwanamke anayevaa hijabu achorwe nayo, usimwombe aivue. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi, na mzazi awepo.

Hatua kwa hatua

1. Panga dirisha. Kaa kwenye hatua hii zaidi kuliko unavyodhani inastahili. Mwanga mmoja tu, kutoka upande mmoja, juu kidogo ya usawa wa macho ya anayekaa. Zima taa, funika madirisha mengine kwa shuka.

Vitabu vitakwambia utafute dirisha la kaskazini. Kule Ulaya ni sawa, kwa kuwa jua lao la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua. Sisi tuko Ikweta. Kuanzia karibu tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba jua la Kampala hupita upande wa kaskazini, na Juni ndipo linapoegemea huko zaidi. Ukikaa kwenye dirisha la kaskazini mwezi huo, jua litaingia moja kwa moja usoni mwa mtu wako. Miezi hiyo tumia dirisha la kusini. Oktoba hadi Februari, la kaskazini. Kama nyumba yako ina madirisha ya mashariki na magharibi tu, asubuhi tumia la magharibi, na alasiri la mashariki. Dirisha lolote utakalotumia, jua lenyewe lisiguse uso.

Saa nzuri ni kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Saa 6 mchana jua liko utosini, nyumba ya mabati inachemka, na mtu wako anatamani kuondoka. Jioni usiianze: giza letu huingia upesi, nusu saa tu na mwanga uliokuwa ukiuchora haupo.

Hujawahi kuangalia mwanga namna hii? Weka parachichi mezani karibu na dirisha, ulichore mara tatu. Liko kimya na lina umbo la kichwa. Tafuta sehemu iliyopigwa na mwanga, sehemu ya kivuli, na mpaka kati yake.

2. Mkalishe vizuri, uweke alama. Mtu akae kwenye kiti chenye egemeo, uso umegeuka kidogo kutoka kwako, mwanga ukipiga shavu moja. Mpe kitu cha kutazama: msumari ukutani, kalenda. Bandika tepu sakafuni kwenye miguu ya kiti na kwenye miguu yake ili akirudi arudi palepale. Wewe kaa au simama umbali wa mita mbili hivi. Ukikaribia zaidi, kila ukitikisa kichwa sura inabadilika.

Dakika 20 za kukaa, dakika 5 za kupumzika. Liwe sharti. Nilipoanza nilimkalisha mzee mmoja karibu saa nzima bila kumsimamisha, nikiwa nimezama kwenye kazi, na aliposimama alipata kizunguzungu tukamshika. Alikuwa amenyamaza kwa heshima tu. Tangu siku ile ninaweka saa mezani, na chai na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) vinamngoja mtu wakati wa mapumziko.

3. Ubao wako usimame wima. Karatasi ikilala mapajani utaitazama kwa mshazari na kichwa kitarefuka bila wewe kujua. Egemeza ubao kwenye kiti cha pili ili uso wa karatasi ukuelekee sawasawa, na ukae hivi kwamba unamwona mtu na karatasi kwa kugeuza macho tu.

4. Chora mara tano, dakika mbili kila mara. Hakuna macho, hakuna pua. Ni umbo la kichwa, shingo inaingiaje kichwani, mabega yameinama upande gani. Shingo haisimami wima kama nguzo, huegemea mbele. Ukiikosa hapa, sura nzima itakuwa kama pasipoti. Michoro hii haionyeshwi kwa mtu yeyote. Kazi yake ni kuamsha mkono.

5. Pima. Nyoosha mkono, kiwiko kikiwa kimekaza, shika penseli, funga jicho moja. Linganisha ncha ya penseli na utosi, na ukucha wa dole gumba na kidevu. Huo ndio urefu wa kichwa. Sasa geuza penseli ilale, uone upana unaingia mara ngapi kwenye urefu huo. Kiwiko kikikunjika hata kidogo, kipimo chote ni batili.

Kwenye karatasi weka alama ya utosi na ya kidevu, kichwa kisizidi sentimita 20. Alama hizi mbili zikiwekwa hazihamishwi. Anayezihamisha katikati ya kazi ndiye anayekuja kuniuliza mbona hafanani.

6. Tafuta mistari mikubwa. Chora kichwa kwa mistari iliyonyooka kwanza, kama unachonga kinyago kwa panga kabla ya kushika patasi. Kisha gawa. Mstari wa macho uko katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Hapa karibu kila anayeanza hukosea: huyapandisha macho kwenye paji, kwa kuwa uso ndio unaotuvutia na fuvu tunalisahau. Kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja hivi. Sikio huanza usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Mstari wa midomo uko karibu theluthi moja ya safari kutoka pua kwenda kidevuni.

Vipimo hivi ni vya mtu wa wastani, na mbele yako hayupo mtu wa wastani. Vitumie kuuliza: huyu amezidi wapi, amepungua wapi? Mfanano wote uko kwenye hizo tofauti. Kama kichwa kimeinama au kimegeuka, mistari nayo iiname pamoja nacho, yote.

Na mtazame. Kati ya dakika moja, nusu nzima macho yawe kwa mtu na si kwenye karatasi. Wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, walichora sana kwa kumbukumbu na hadithi; Sam Ntiro, aliyetoka Kilimanjaro, alichora maisha ya kijijini kwao kwa njia hiyo, na ni njia ninayoiheshimu. Lakini picha ya sura ya mama huyu, aliyekaa hapa leo, haipo kwenye kumbukumbu zako. Kumbukumbu itakupa jicho la aina ya jumla, na wewe unatafuta la kwake.

7. Tenga kivuli na mwanga. Finya macho mpaka uso ugeuke kuwa vipande viwili, cha mwanga na cha giza. Chora mpaka wa kivuli kama unavyochora mpaka wa nchi kwenye ramani, kisha jaza kivuli chote kwa mkaa, kiwango kimoja. Tundu la jicho, ubavu wa pua, chini ya mdomo, chini ya taya na upande wa shingo mara nyingi huungana kuwa umbo moja, liache liungane. Rudi nyuma hatua nne ulitazame. Ikiwa vivuli viko mahali pake, sura itaanza kufanana hata kabla ya jicho kuchorwa, na hiyo ni furaha ambayo sijawahi kuizoea.

Usisugue kwa kidole. Kidole kina mafuta, na uso unaosuguliwa hulainika mpaka ukakosa mifupa.

8. Sasa macho, pua, mdomo. Kwa uchache. Jicho ni tufe lililofunikwa na kope, na kope ya juu huangusha kivuli juu ya tufe hilo. Kwa hiyo "weupe" wa jicho si mweupe, una kivuli. Pua usiizungushie mstari, ijenge kwa kivuli cha ubavu na cha chini. Mdomo wa juu kwa kawaida ni wenye giza kuliko wa chini kwa kuwa umeinamia chini. Nywele zichukulie kama umbo moja lenye mwanga na kivuli. Misokoto michache ukingoni inatosha kueleza iliyobaki.

Ukifika kwenye rangi

9. Nunua tyubu sita tu: nyeupe, oka ya njano, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), nyekundu ya damu ya mzee, na buluu ya ultramarini. Amba na siena ni udongo, na kweli huokwa kwenye moto, ndiyo maana ya "iliyochomwa". Nyeusi iache dukani. Amba na ultramarini zikichanganywa hutoa giza kuu ambalo unaweza kulivuta kuelekea joto au ubaridi upendavyo, wakati nyeusi ya tyubu hukaa usoni kama masizi.

Anza na akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Hukauka kwa dakika chache, na chini ya mabati moto hukauka hata kwenye kibao cha kuchanganyia, kwa hiyo weka kitambaa chenye maji chini ya rangi. Kumbuka kwamba ikikauka hugiza kidogo. Rangi za mafuta zinakupa muda zaidi, lakini zinahitaji tapentaini na madirisha wazi. Petroli usiikaribishe, na mafuta ya taa huacha rangi ikinata. Matambara yenye mafuta ya kitani, yaani yale yanayotumika kwenye rangi za mafuta, yakirundikwa pembeni huweza kuwaka yenyewe. Yaloweke majini, kisha yaanike yakiwa yametandazwa.

Kwa turubai ya mazoezi, hadibodi inatosha: paka upande laini kwa rangi nyeupe ya ukutani ya maji, mara mbili, ikikauka isugue kwa msasa. Haitadumu miaka mia, na mazoezi hayahitaji hivyo.

10. Changanya kabla hujapaka. Tengeneza vilima vitatu vya rangi ya ngozi: kivuli, katikati, mwanga. Mtazame mtu wako upya kwanza, kwa sababu hakuna rangi moja iitwayo "ngozi nyeusi". Kuna ngozi inayoelekea wekundu wa udongo wa barabara zetu, inayoelekea dhahabu, inayoelekea buluu. Katikati, anza na amba na siena. Kivuli, ongeza ultramarini na nyekundu kidogo.

Kwenye mwanga ndipo penye mtego. Anayeanza hunyanyua rangi kwa nyeupe peke yake, na ngozi inapauka, kama mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta. Nyanyua kwanza kwa oka na siena. Nyeupe iingie mwisho, kidogo. Kisha mng'ao, ile nukta ya paji, ncha ya pua na kifupa cha shavu: huo ni mwanga wa anga uliopita dirishani, na una ubuluu. Nyeupe, chembe ya ultramarini, na kidogo ya rangi ya ngozi yenyewe. Ngozi nyeusi hurudisha mng'ao huu kwa nguvu na kingo zake ni kali, hasa mtu akiwa amejipaka Vaseline. Ukiwekwa sawasawa, sura inatoka kwenye ubao.

Kwa watu wengi paji la uso na sehemu ya kuzunguka mdomo zina giza kuliko mashavu. Tazama pia ukuta na uwanja: ukuta wa kijani hutupa ukijani shavuni, na udongo mwekundu wa nje hupasha joto chini ya kidevu. Vitu hivi vipake unapoviona, usivibuni.

11. Paka vipande vikubwa kwa brashi kubwa, kivuli kwanza, mandhari ya nyuma pamoja nacho. Ukuta mweupe mtupu nyuma ya kichwa utakufanya uione ngozi kuwa na giza kuliko ilivyo; kahawia ya kijivu ni rafiki. Brashi ndogo ishikwe nusu saa ya mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Hafanani, na huoni kosa.* Tazama mchoro kwenye kioo, au ugeuze kichwa chini miguu juu. Kosa litajitokeza lenyewe, na mara nyingi litakuwa la umbo kubwa, si la jicho. Rudi hatua ya 6.

*Amezeeka kwenye picha.* Umechora kila mkunjo kwa nguvu sawa. Futa nusu ya mistari kuanzia puani hadi mdomoni.

*Uso ni bapa.* Kivuli chako hakina giza la kutosha, au mwanga unaingia kutoka pande mbili. Angalia kama kuna mtu amefungua mlango.

*Rangi zimekuwa tope.* Umechanganya rangi nyingi mno pamoja, au maji ya kuoshea brashi ni machafu. Weka makopo mawili, la kuoshea na la kusuuzia.

*Mtu wako anasinzia.* Ni joto. Msimamishe, afungue dirisha lingine, mzungumze. Hata akiongea unaweza kuendelea na nywele na nguo.

*Mvua imekuja, mwanga umebadilika.* Msimu wa Machi hadi Mei itakupata mara kwa mara. Acha vivuli kama ulivyovichora mwanzo, usivifukuze. Fanya kazi kwenye umbo, au umalizie siku nyingine saa ileile.

*Anasema, "Umenichora mweusi sana."* Utalisikia hili, na linauma pande zote mbili. Usikimbilie kumng'arisha. Mpeleke dirishani palepale alipokaa, shika picha kando ya shavu lake, mpe kioo kidogo, mlinganishe pamoja. Kama kweli umezidisha giza, kubali na urekebishe mbele yake. Kama hujazidisha, mwonyeshe ule mng'ao wa buluu kwenye paji na wekundu ulio chini ya kidevu, umwulize kama aliwahi kuviona. Wengi hunyamaza, wakajitazama tena.